Nyusi za kuchanja zikikuharibikia, usizifanyie haraka

Kazi yangu ni kupamba maharusi hapa Mombasa, na nimeifanya muda wa kutosha kuona mitindo ya nyusi ikija na kwenda. Zile nyembamba kama uzi zilikuja zikaenda. Ule mtindo wa kunyoa nyusi zote na kuzichora upya kwa penseli nao ukaenda. Huu wa sasa una tofauti moja na yote iliyotangulia: mwenye kuuchoka hawezi kuunawa usiku kabla ya kulala.

Nasema nyusi za kuchanja. Kwenye vibao vya saloni utaona zimeandikwa maikrobleding, ombre au nyusi za kudumu, lakini kazi ni moja: ngozi hutobolewa kwa sindano au kwa kijembe chenye meno madogo madogo, kisha rangi ikatiwa ndani ya vitobo. Wako mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri. Mwanamke aliyepoteza nyusi kwa maradhi, au kwa dawa za saratani, akitengenezewa na mkono mzuri hurudi kujitazama kwenye kioo bila huzuni. Sina ugomvi na kazi yenyewe. Ninaowaandikia leo ni wale ambao iliwaharibikia, kwa sababu siku hizi kila baada ya Iddi, harusi zinapoanza kufuatana, hunijia mwanamke mmoja au wawili ambao hawakuja kupambwa. Wamekuja kuuliza: dada, hizi zitatoka?

Kwetu Pwani swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Mwanamke anayevaa nikabu huonekana macho na nyusi tu. Hiyo ndiyo sura yake yote Marikiti, kwenye feri na kazini. Nyusi moja ikikaa juu ya mwenzake, au zote mbili zikigeuka buluu, ameharibikiwa na sehemu yote anayoonyesha watu. Nimewahi kuletewa msichana na mamake, arusi imebaki wiki tatu, naye hataki hata kuvua miwani ya jua ndani ya nyumba. Mama ameshika kichupa alichouziwa dukani, cha maji makali, na anataka nimpake binti yake palepale. Nilikikataa. Hayo ndiyo hasa ninayotaka kuyaeleza: nyusi mbaya zina dawa, lakini makovu niliyoyaona mengi hayakutokana na kuchanjwa. Yalitokana na haraka ya kuondoa kilichochanjwa.

Mtu akinionyesha nyusi zake, swali langu la kwanza ni hili: zina siku ngapi?

Ngozi ina tabaka la juu linalojibadilisha lenyewe. Hufa, hupukutika na kuota upya kwa muda wa wiki nne hadi sita hivi. Wanja hukaa juu yake, na hina hushika kwenye tabaka hilo hilo, ndiyo sababu hina ya bi arusi haifiki mwezi wa pili. Rangi ya kuchanja hutiwa chini zaidi, kwenye tabaka lisilopukutika. Mwili huiona ni mgeni. Seli za ulinzi huja zikaimeza, lakini chembe zake ni ngumu na haziwezi kusagwa, basi seli hukaa nazo tumboni palepale. Seli ikifa, nyingine huja ikazimeza tena. Kwa hivyo unachokiona kwenye kioo ni rangi iliyokamatwa na walinzi wa mwili wako mwenyewe. Hakuna sabuni, wala singo, wala mafuta ya kupaka yatakayofika huko.

Siku za mwanzo, hata hivyo, zinadanganya. Kwa wiki ya kwanza na zaidi kidogo nyusi huonekana nyeusi mno na nene mno, kwani kuna rangi iliyobaki juu ya ngozi, kuna uvimbe, kisha kuna kigaga. Kigaga kikianguka rangi hufifia ghafla, na wengine hudhani imetoka yote. Halafu hurudi polepole. Sura ya kweli haionekani kabla ya wiki ya nne hadi ya sita. Nimeona wasichana waliolia siku ya tatu wakacheka wiki ya sita. Ambacho kingewaharibia kweli ni kile walichotaka kukifanya ile siku ya tatu: kubandua kigaga kwa kucha, kusugua kwa chumvi, au kurudi kwa fundi aongeze ili "zilingane". Kigaga kikibanduliwa kwa nguvu huondoka na rangi mabaka mabaka, na huweza kuacha kovu. Kama hazijatimiza wiki sita na hakuna dalili ya maradhi, dawa ni kungoja. Osha kwa upole kwa maji safi, usisugue, jiepushe na jua la mchana na maji ya bahari, na usipake vipodozi juu ya kidonda. (Na mama wa maharusi mnisikie: mwenye kutaka kuchanja nyusi kwa ajili ya arusi na afanye miezi mitatu kabla, si wiki tatu.)

Dalili za maradhi ni jambo jingine, na hapo sisemi ngoja. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, joto, usaha, homa, uvimbe unaoteremka kwenye kope, wekundu unaotambaa kutoka kwenye nyusi: nenda hospitali siku hiyohiyo. Usirudi kwa fundi, wala usinunue vidonge dukani ukajitibu, maana pahali hapa ni karibu na jicho. Kuna na maradhi yanayokuja kimya. Vipele vigumu vinavyotokea wiki kadhaa baada ya kidonda kupona, visivyosikia dawa za kawaida, huweza kuwa ni bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, ambao huishi majini, hata kwenye maji ya bomba na ya tangi. Huingia fundi anapozimua rangi kwa maji hayo au anaposuuzia vifaa. Sisi tunaotumia maji ya visima na ya boza tunayajua maji yetu. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na tiba yake huchukua miezi. Mweleze waziwazi kwamba ulichanja nyusi. Wengine huona haya, wakakaa kutibiwa chunusi nusu mwaka.

Mzio nao ni vivyo hivyo. Unaweza kuchelewa, ukaja miezi au hata miaka baadaye, kwa kuwasha na kuvimba pale palipo na rangi. Huko Marekani, mwaka 2003 na 2004, mamlaka ya chakula na dawa ilipokea malalamiko zaidi ya 150 yaliyohusu baadhi ya rangi za vipodozi vya kudumu. Umoja wa Ulaya ulianza kubana maelfu ya kemikali katika rangi za kuchanja Januari 2022. Nayataja haya kwa sababu kichupa kisicho na jina, kilichonunuliwa mtandaoni, hakina wa kukiulizia. Ukichanjwa, piga picha kichupa hicho. Siku ukimhitaji daktari, hilo ndilo atakalokuuliza mwanzo.

Zikishapona kabisa na bado ni mbaya, tazama ubaya wake ni wa namna gani.

Zilizogeuka buluu au kijivu mara nyingi zilitiwa ndani mno, au zilitiwa rangi nyeusi iliyotengenezwa kwa kaboni. Nyeusi ikikaa chini kabisa ya ngozi huonekana buluu kwa sababu inayokaribiana na ile inayofanya mishipa ya mkononi mwako ionekane ya kibuluu ilhali damu ni nyekundu: mwanga hubadilika njiani kabla ya kurudi jichoni. Zilizogeuka nyekundu au rangi ya matofali zina hadithi nyingine. Rangi nyingi za kahawia huchanganywa kwa oksidi za chuma, yaani kutu iliyosafishwa, pamoja na nyeusi na manjano. Rangi hizi hazifi kwa mwendo mmoja. Nyingine ikitangulia kufifia, kutu nyekundu hubaki peke yake. Zilizotapakaa, ambazo kila unywele uliochorwa umeungana na mwenzake ukawa kama doa la wino kwenye karatasi iliyolowa, huonekana zaidi kwenye ngozi ya mafuta, na hapa kwetu wakati wa kaskazi, kwa jasho letu hili, nani hana ngozi ya mafuta? Mistari ile myembamba ya nywele unayoiona kwenye picha za wazungu ilichanjwa kwenye ngozi kavu ya nchi za baridi. Fundi mzuri wa huku atakwambia hivyo kabla hujalipa.

Halafu kuna ubaya wa umbo: moja juu, moja chini, au zote zimepanda hadi mwanamke anaonekana ameshtuka daima. Huo rangi yake inaweza kuwa nzuri kabisa, na ndio unaowatia watu haraka kuliko wote.

Sasa nitaje yale wanayoyakimbilia, maana hapa ndipo penye hasara.

La kwanza ni kupaka piko juu ya nyusi ili kuficha. Piko si hina. Hina ni majani, na rangi yake ni nyekundu au kahawia. Weusi wa piko hutoka kwenye rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kuichora kwenye ngozi hakuruhusiwi kabisa. Huku kwetu huchanganywa kwa kukadiria. Sote tumemwona mtoto aliyetoka malengelenge mkononi yaliyofuata mchoro wa ua lenyewe. Sasa yapeleke malengelenge hayo juu ya jicho, kwenye ngozi iliyokwisha tobolewa. Na mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha, kwa hivyo siku utakapotaka kutia nywele mvi zako rangi utakuta kichwa kinavimba.

La pili ni mkorogo na mafuta ya kung'arisha. Haya, hata yakifanya kazi yake, huifanya kwenye weusi wa asili wa ngozi. Wino hayaujui. Matokeo yake ni ngozi iliyopauka pembeni na nyusi zinazoonekana nyeusi kuliko mwanzo, na ngozi yenyewe imekuwa nyembamba. La tatu, ndimu na chumvi: ndimu ikikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua huunguza na kuacha madoa meusi ya miezi. Maji makali ya vichupa, yale ya kuondolea chunjua, sitaki hata kuyaeleza. Yanaondoa wino kwa kuondoa nyama.

La nne ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu huuzwa na watu wanaojiita mafundi. Humwambia mwanamke kwamba watamfunika kwa rangi ya ngozi: wachanje tena juu ya zile mbaya kwa rangi inayofanana na uso wake, zipotee. Kwa wiki chache huonekana kama zimepotea. Baadaye rangi ile hubaki kama bandeji, kwa kuwa uso wako hubadilika kwa jua na kwa umri nayo haibadiliki. Na kuna mtego mwingine uliofichika ndani yake. Rangi hizo huwa na weupe wa titani, na leza ikija kupigwa baadaye, weupe huo hugeuka mweusi au kijivu hapohapo. Kutu nyekundu nayo huweza kufanya hivyo hivyo. Mwanamke aliyekwenda kuondoa nyusi mbili hurudi na nyusi nne. Daktari mzoefu anaweza kuendelea kuutibu hata weusi huo, lakini safari imekuwa ndefu maradufu. Kwa hivyo kama umewahi kufunikwa kwa rangi ya ngozi, mwambie anayetaka kukupiga leza kabla hajawasha mashine.

Njia za kweli za kuondoa ni mbili, na zote zinataka subira.

Moja ni ya maji ya chumvi. Si ile chumvi ya kusugua. Ni maji maalumu ya chumvi yaliyo safi, ambayo fundi huyatia ndani ya ngozi kwa sindano kama alivyotia rangi. Hufanyika kigaga, na kigaga kinapoanguka chenyewe huondoka na sehemu ya rangi. Haichagui rangi, kwa hivyo hufaa hata kwa zile nyeupe na nyekundu ambazo leza inazigeuza. Inafaa zaidi kwa nyusi ambazo hazijazama sana. Kati ya mara moja na nyingine ni wiki nane hivi, ngozi ipone kabisa. Ubaya wake ni kwamba huko ni kutobolewa tena, na mwenye ngozi inayootesha makovu ya nyama, keloidi, atajiongezea. Tazama pale ulipotobolewa masikio, au kovu la chanjo ya utotoni mkononi. Kama paliota nyama, usiguse kitu bila daktari wa ngozi.

Ya pili ni leza. Mashine hupiga mwanga mkali kwa kipande kidogo sana cha sekunde, chembe za rangi zikavunjika, na zile seli zilizoshindwa kuzisaga zikaweza kuzibeba taratibu kuzitoa. Kwa sababu hiyo hufifia wiki nyingi baada ya kupigwa, na ndiyo sababu hurudiwa kila baada ya wiki sita hadi nane, mara kadhaa. Kwa ngozi zetu nyeusi kuna jambo la kushikilia. Mwanga wa leza hautofautishi vizuri wino na weusi uliozaliwa nao, isipokuwa ukiwa wa urefu ufaao. Ulio salama zaidi kwetu ni wa leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambao hupita weusi wa ngozi na kushuka chini. Ule wa nanomita 532, unaotumika kwa wino mwekundu, hunyonywa zaidi na ngozi nyeusi na huweza kuacha mabaka. Mashine za kuondolea nywele za mwanga mpana, ambazo saloni nyingi zinazo, si za kazi hii, na zimeunguza watu.

Basi ukienda, uliza: leza yako ni ya aina gani? Umewahi kuifanya kwenye ngozi kama yangu, na nionyeshe? Utajaribu kwanza kwenye doa dogo, tungoje, ndipo uendelee? Macho yangu utayakinga kwa nini? Asiyekuwa na vikinga macho, ondoka. Asiyetaka kujaribu doa dogo, ondoka pia. Nywele zako za nyusi zinaweza kugeuka nyeupe kwa muda, usishtuke. Mashine hizi utazikuta zaidi kwenye kliniki za kibinafsi, na gharama ya kuondoa huipita mbali ya kutia. Kama anajiita daktari, Baraza la Madaktari, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa mtandaoni, na kumtafuta humo ni kazi ya dakika mbili. Kwa asiye na uwezo, aanzie hospitali ya umma. Hapa Mombasa ni Hospitali Kuu ya Pwani, tunayoiita Makadara. Omba kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Katika Afrika Mashariki baadhi ya maafisa wa kliniki wa ngozi wamesomea Moshi, kwenye chuo cha maradhi ya ngozi kilichopo KCMC tangu 1992, na hawa ni watu wanaoijua ngozi yetu.

Waliochanjwa wanja kwenye kope, ukaharibika au ukatambaa kwenye ngozi ya kope kama wino uliomwagika, hao yangu yote hayawahusu. Hapo ni kwa daktari tu, tena mwenye kinga ya chuma inayovaliwa ndani ya kope.

Liko na lisiloonekana kwenye kioo. Kama kijembe hakikufunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti yake, huna hakika kilimgusa nani kabla yako. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya maradhi haya mwishoni mwa 2001, kwa hivyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatuna kinga hiyo isipokuwa tuliitafuta ukubwani. Ukiwa na shaka ndani ya siku tatu za kwanza, kimbia hospitali: dawa za PEP za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72, na chanjo ya homa ya ini hufaa zaidi ikitolewa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Siku hizo zikishapita, pima, kisha urudie baada ya miezi mitatu. Hiki ndicho kitu pekee katika makala hii nilichokwambia ukifanyie haraka, pamoja na usaha na homa.

Wengi hunivuta pembeni kuniuliza habari ya udhu. Mimi si mwanachuoni, na kwamba kuchanja kumekatazwa wanalijua kabla ya kuniuliza mimi. Ninachoweza kueleza ni cha ufundi: rangi imo ndani ya ngozi, si utando juu yake, hivyo haizuii maji kama rangi ya kucha inavyozuia. Kuhusu kuiondoa, wanazuoni wa Kishafii, ambao wengi wetu hapa tunawafuata, waliliandika suala hili zamani sana na wakaliangalia dhara: anayehofia kudhurika halazimishwi. Nenda kwa sheikh wako na maelezo ya daktari mkononi, apate kujua la kukujibu. Nimewahi kumwona mama wa watu amejichubua uso kwa toba. Hilo sidhani alilitaka mtu yeyote.

Wakati huo wote wa kungoja, uso unatembea nao kila siku, na hapa angalau ndipo kazi yangu inapofaa. Nyusi za buluu huzimwa kwa rangi ya chungwa, si kwa poda nyeupe. Poda nyeupe juu ya buluu huleta kijivu cha maiti. Paka kidogo rangi ya chungwa pale palipozidi tu, gonga kwa kidole hadi ishike, kisha fandesheni ya ngozi yako juu yake, kisha poda. Nyusi nyekundu huzimwa kwa kijani kilichofifia. Umbo likiwa limepanda, usijaribu kuficha yote: ficha ukingo wa juu, halafu ongeza penseli kidogo chini, jicho la mtazamaji litashuka lenyewe. Ziache nywele zako ziote, usizinyoe wala kuzivuta kwa uzi, maana zitasaidia kufunika na daktari atahitaji kuona umbo lako la asili. Yule msichana wa miwani nilimpamba hivyo arusini, na picha zake zilitoka vizuri. Nyusi zake bado ziko kwenye leza, na wakati ninaandika haya zimefifia hadi kufanana na kivuli.

Kuna na haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kulindwa afya yake, na fidia akipata hasara. Anza kwa maneno mazuri na saloni, kwa maandishi, ukitaka urudishiwe pesa zako. Usikubali kulipwa kwa "marekebisho ya bure", kwani huko ni kuchanjwa tena na mkono uleule. Wakikataa, kudai ada uliyolipia huduma kunaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Ikiwa umeumia mwili, muulize wakili kwanza. Afisa wa afya ya umma wa kaunti naye apelekewe habari kama pahali ni pachafu, ili mwingine asikae kwenye kiti kile kesho. Chukua ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa, picha za kabla na za kila wiki baada yake, picha ya kichupa cha rangi, na karatasi ya daktari. Na ile simu ya saloni, usiifute ujumbe wake hata ukiwa na hasira kiasi gani.